Dema si langu na hakuna aliyeniona, sasa kilichonizuia ni nini?

mwana_wa_hori (Lamu)

Salaam aleikum jamaa. Nna swali linaninyima usingizi yapata wiki sasa, naomba msilichukulie rahisi.

Jumatano iliyopita nimetoka alfajiri na hori yangu, mtumbwi mdogo, upande wa kisiwa cha Manda kupandisha madema, mitego yetu ya samaki ya kusukwa. Mnajua kusi lilivyo mwaka huu, bahari imechafuka, siku nne nzima sijatoka, dukani nadaiwa unga na mchele na mafuta na mwenye duka ashaanza kuniangalia vibaya. Madema mawili ya kwanza matupu, kaa mmoja tu kala chambo chote. La tatu nkaliona boya lake, dumu jeupe la mafuta ya kupikia kama yangu yote, nkavuta kamba, zito! Nkalipandisha mpaka ukingoni, nkafungua fundo la mlango, mkono ushaingia ndani, tafi wamejaa wanapigapiga na tewa mmoja mnene, ndo nkaona mlango umesukwa kwa fito tupu. Mimi yangu mlangoni natia waya. Dema si langu.

Sasa sikilizeni. Mtu hakuna. Kiza hakijaondoka vizuri, hakuna mashua, hakuna taa, hakuna sauti ya mashini. Nlikaa pale na mkono ndani ya dema la watu, pengine dakika moja pengine tano, sijui. Kisha nkautoa, nkafunga mlango, nkaliteremsha pole pole kwa kamba mpaka likagusa chini. Na wakati naliteremsha moyo unanidunda kama nimeiba, na sijaiba!

Ntakuwa mkweli kwenu. Wakati ule sikumfikiria Mungu, astaghfirullah, wala moto, wala polisi, wala watu wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo. Kilichonijia ni zile fito. Kwamba kuna mtu kakaa chini kazisuka moja moja kwa mikono yake. Basi, hilo tu.

Kitu cha pili, binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Juzi mamake kagawa mahamri, kakake kapata mawili yeye moja, alilia mpaka akakauka sauti, na si njaa kwa sababu lile moja alilitupa chini. Nani kamfunza? Neno haki lenyewe halijui bado.

Na la tatu ndo linanichanganya zaidi. Nna jirani yangu tumesoma chuo kimoja, maalim mmoja, bakora moja, msikiti mmoja mpaka leo, na yeye madema ya watu anapandisha na tukiwa barazani wala hafichi, na usingizi analala. Kama ni dini tumesoma moja, kama ni malezi mamake na mama yangu walikuwa wakipikiana. Sasa hii ya kujua hili jema hili ovu inatoka wapi hasa?

bi_mkomani

Wa aleikum salaam mwanangu. Inatoka kwa mama yako, wala usizunguke.

Ntakupa kisa. Nlikuwa na miaka sita au saba, Ramadhani, nimetumwa kupeleka sahani ya viazi vya nazi nyumba ya pili. Uani mwao kulikuwa na mndimu na ndimu moja imeanguka chini, haina mwenyewe pale, nkaiokota nkaifunga kwenye pindo la leso. Nimerudi nyumbani mama akanishika mkono tu akaunusa. Hakunipiga. Akasema, rudisha. Maghribi imeshaadhiniwa, uchochoro kiza, punda wamelala njiani, nnaogopa mpaka magoti yanagongana, nkaenda nkabisha hodi nkasema yale maneno aliyonituma, "Hii ni yenu, nilichukua bila kuuliza." Yule bibi alicheka sana Mungu amrehemu, akanijazia ndimu kumi kwenye sahani. Mama zile kumi akazipokea na akatengeneza achari na achari ile nkala. Ile moja ndo sikuila, nadhani mnafahamu tofauti yake.

Mwanzo ilikuwa ni aibu tu, aibu ya kusimama mlangoni mwa watu. Lakini aibu ikikaa sana ndani ya mtu inageuka kitu kingine, haingoji tena macho ya watu. Mama amefariki 1998 na mpaka leo nikigusa kitu cha mtu nahisi ananinusa mkono. Kwa hio usiseme ulikuwa peke yako baharini.

Na jirani yako, walipikiana ndio, lakini mlango wao ukifungwa wewe hukuwamo ndani kuona wanaishi vipi.

nahodha_77

Bi mkubwa heshima yako lakini mi nataka kuongeza. Miaka ile tulipokatazwa kuvua usiku huku Lamu, nyumba yangu ililala njaa, njaa yenyewe si ya kusimuliwa, na nlichukua kamba wawili kwenye wavu wa mtu. Nafsi ilinisuta pale pale. Nkauza, nkanunua unga, nkala na watoto huku inanisuta. Kwa hio kaka usidhani sauti ile ndo imekuzuia. Mimi niliisikia vizuri kabisa na nkachukua. Kujua ni kitu na kujizuia ni kitu chengine.

mwana_wa_hori

@nahodha_77 umenigusa. Nlikuwa nadhani ni kitu kimoja. Uliwahi kumwambia mwenyewe?

nahodha_77

Baada ya mwaka. Nlimpelekea pesa. Hatujawahi kulizungumza tena na kila tukikutana yeye ndo anawahi kunisalimu.

zaituni_s (Malindi)

Habari zenu. Mimi nasomea saikolojia na swali hili ndo limenitia kwenye fani, kwa hio mnisamehe nikirefusha.

Kaka, kuhusu binti yako na lile hamri. Kuna utafiti mashuhuri wa 2003 wa Sarah Brosnan na Frans de Waal kule Marekani. Walichukua wale tumbili wa Marekani ya Kusini wanaoitwa kapuchini, wakawafunza kurudisha kijiwe ili wapewe kipande cha tango. Tango wanalila bila shida. Lakini tumbili akiona mwenzake kwa kazi ile ile kapewa zabibu, tango hilo hilo alilokuwa akilila anaanza kulikataa na wengine wanalitupa nje ya kizimba. Unaona? Hamri chini! Wako wanaobisha kama ni uadilifu ule au ni hasira ya kukosa zabibu tu, lakini mimi naamini kuna kitu cha zamani sana ndani yetu kinachopima fungu langu na la mwenzangu.

Lakini angalieni vizuri, tumbili analalamika akipunjwa YEYE. Yule mwenye zabibu hatupi kitu. Na hapa kuna kazi nyengine ilitoka 2015, walipima watoto wa jamii saba, Uganda, Senegali, India, Meksiko, Peru, Kanada na Marekani. Kukataa kupunjwa wewe mwenyewe kulionekana kote kote watoto wakikua. Kukataa kupewa ZAIDI ya mwenzako kulionekana kwenye nchi tatu tu, Kanada, Marekani na Uganda, na kunachelewa kuja. Kwa hio nauliza, yule kakake aliyepewa mawili alifanya nini?

Halafu kuna suala la kuzaliwa nalo. 2007 Kiley Hamlin, Karen Wynn na Paul Bloom wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha watoto wachanga kijiumbo cha mbao chenye macho kinahangaika kupanda kilima, chengine kinakuja kukisukuma juu kikisaidie, chengine kinakisukuma kirudi chini. Kisha mtoto anawekewa viumbo viwili achague. Wa miezi 6 wote 12 walinyoosha mkono kwa yule msaidizi, wa miezi 10 walikuwa 14 kati ya 16. Dunia nzima ikasema haya basi, wema tunazaliwa nao. Nami nlikuwa nikiwaambia watu hivo hivo kwa miaka. Lakini maabara zaidi ya 30 zikaungana kurudia jaribio lile kwa watoto wengi zaidi, majibu yakatoka 2024, na watoto waligawanyika karibu nusu kwa nusu, kama wanaokota tu. Iliniuma kusoma, nasema kweli. Haimaanishi mtoto hazaliwi na chochote, ila ile hadithi nzuri ya mtoto wa miezi sita anayemjua mwema siwezi tena kuisimulia kama kitu kilichothibitika.

Mimi naona tunazaliwa na mizizi ya kupima. Kumpimia mwenzako kwa kipimo kile kile unachojipimia ndo kazi ya malezi, na ni kazi ya miaka, Bi mkubwa yuko sahihi kwa hilo.

maalim_langoni

Wa aleikum salaam. Mwanangu umenifurahisha kuuliza, wengi wanapitwa na jambo kama hili wasilione.

Mtume s.a.w. katwambia kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi, na katika Surat Shams Mwenyezi Mungu anaapa kwa nafsi kwamba ameitia ilhamu ya kujua uovu wake na ucha Mungu wake. Kwa hio asili tunayo. Lakini msidhani maulamaa wamelala hapo, jambo hili limewagawa tangu zamani. Muutazila wa Basra, kundi la maulamaa waliotanguliza akili, walisema akili peke yake, hata kabla wahyi kuteremka, inaweza kujua hili jema hili ovu. Imamu wetu Abul Hasan al-Ash'ari, ambaye mwenyewe alikuwa Muutazila mpaka yapata miaka arubaini ya umri wake kisha akawaacha, na akafariki karibu mwaka 936, akasema hapana, jambo kuwa wajibu au haramu mbele ya Mungu hujulikana kwa sharia, akili haina mamlaka hayo. Na mwanachuoni al-Maturidi wa Samarkand akakaa katikati, baadhi ya mambo akili inayafikia. Na kabla yao wote Sokrates kule Athens anatajwa kuuliza swali linalofanana na hilo, chema ni chema kwa sababu kimependwa mbinguni, au kimependwa kwa sababu ni chema? Karne ishirini na nne hizo na watu bado wako barazani nalo.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu mfano wa chumvi. Ulimi wa mtoto unajua chumvi bila kufunzwa na mtu. Lakini chungu hiki cha mchuzi kinataka chumvi kiasi gani, hilo utasimama jikoni na mama yako miaka. Fitra ni ulimi. Sharia na malezi ndo kipimo cha chungu.

Na usihuzunike kwamba hukumfikiria Mungu wakati ule. Mtume katufahamisha kwamba dhambi ni ile inayokukwaruza kifuani na ukachukia watu wakijue. Kifua chako kilikwaruza. Hukuhitaji kukisomea dalili.

kombe_mtoro (Malindi)

Maalim shikamoo, na nyote hapa nawaheshimu. Lakini nimesoma uzi wote huu na kuna kitu kimenikaa kooni, ntakisema.

Babu ya babu yangu aliletwa kwa jahazi kutoka Kilwa akauzwa, akalima mtama kwenye mashamba ya hapa Malindi. Alitoroka akaingia bara akaishi na watoro wenzake, kisha Wagiriama wakampokea, akaoa kwao, ndo nkazaliwa mimi na jina la Kombe. Wale wenye mashamba hawakuwa wahuni. Walikuwa watu wa swala tano, wanatoa zaka, na nna hakika sahani ya jirani hawakuirudisha tupu. Ndimu ya jirani ingewasuta. Na mtu mzima yuko shambani kwao alfajiri mpaka jua kuzama, si kwa ridhaa yake, na hilo haliwasuti! Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi kufunga biashara ya watumwa baharini 1873, na utumwa wenyewe pwani hii yetu ulikuja kufutwa kisheria 1907. Hio ni miaka thelathini na nne baadaye, na nyuma yake kuna mamia ya miaka mengine. Ulimi wao wa chumvi ulikuwa wapi maalim? Najua kumwacha huru mtumwa ni thawabu kubwa, na wako walioacha. Nawazungumzia wale wengi ambao hawakuona kitu.

Na lugha yetu hii tunayoandikia inajua. Mtu mwenye tabia njema tunamwitaje? Muungwana. Na muungwana asili yake ni nani? Asiyekuwa mtumwa. Yaani neno letu zuri kuliko yote la tabia njema limeanza kwa kumtoa babu yangu nje. Mshairi wetu Mwana Kupona alipomuusia bintiye 1858, wosia mzuri, mama anakufa anamwachia mtoto adabu zote alizonazo, humo humo kamwambia asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Simlaumu yeye peke yake, mama alikuwa akimfunza mwanawe wema kama alivyoujua.

Ndo nasema hivi, sauti ile iko. Naamini mwana_wa_hori aliisikia, naamini hata mwenye shamba alikuwa nayo. Lakini inasema kwa ajili ya NANI? Hilo ndo hatuzaliwi nalo, na mama anaweza kukufunza kulipanua au akakufunza kulifunga, na yote mawili atayaita adabu. Kaka, ulisema kilichokuzuia ni mikono iliyosuka fito. Ulimwona mtu ambaye hayupo pale. Mimi ningependa kujua jirani yako anapofungua dema anamwona nani.

bi_mkomani

Kombe mwanangu, nimesoma maneno yako mara tatu.

Nyumba niliyozaliwa ni ya mawe, ya zamani, na chini kuna vyumba havina madirisha. Tulikuwa tukitia kuni na magunia ya nazi. Nlipokuwa mdogo nlimuuliza bibi yangu vyumba hivi vya nini, akasema "walikuwa wakikaa watu", na akaniambia ninyamaze nikamchotee maji. Bibi yangu huyu ndo alomlea mama, na mama ndo alonirudisha na ile ndimu. Sina jibu la kukupa. Nilikuwa sijawahi kuviweka vitu hivi viwili pamoja.

maalim_langoni

Marahaba Kombe. Ningeweza kukuletea maneno mengi hapa, lakini swali lako ni zito kuliko majibu niliyozoea kutoa. Ulimi unaweza kufa ganzi ukizoea chungu kimoja. Naomba uniruhusu nilizungumze hili darasani Ijumaa bila kukutaja.

kombe_mtoro (Malindi)

Maalim nitaje tu.

mwana_wa_hori

Jamaa nimerudi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nlikuwa na mambo mawili ya kwenda kuyaona kwanza.

@zaituni_s yule kakake ana miaka sita, alikula yake mawili kimya kimya huku anamwangalia dadake akilia. Nlipoandika posti ya kwanza sikuliona hilo kabisa, nlikuwa namwangalia anayelia tu.

La pili, Kombe, nlimuuliza jirani. Nilimkuta barazani baada ya isha nkamuuliza wazi wazi, wewe madema ya watu unapandishaje na roho yako imetulia? Alikasirika! Akaapa wallahi hajawahi na hatawahi kugusa dema la mtu wa hapa, na akanitajia majina, la fulani lipo pale na la fulani lipo kule, nayapita yote. Nkamwambia sasa yale? Akasema, "Ah, yale ni ya watu wa dago." Alilisema kama vile lishajieleza lenyewe. Wale wageni wanaokuja na msimu wanapiga kambi ufukweni kisha wanaondoka. Na nlimjua anasema kweli, kwa sababu mtu huyu huyu mwaka jana aliokota simu yangu akanitafuta mtaa mzima.

Nkalala na hilo. Na nilivyolala nalo nkaanza kujiuliza lile dema la fito tupu, kwetu hapa siku hizi nani anasuka fito tupu mpaka mlangoni? Na kama ningejua alfajiri ile kwamba ni la dago, mkono ningeutoa? Nasema kweli mbele ya Mungu, sijui.

Leo asubuhi nimepita dago. Nimewapita miaka yote hii na sijawahi kushuka. Nikamkuta mzee mmoja anasuka chini ya mkwaju, fito zile zile. Nkamsalimu, nkakaa, na ilinichukua muda kuanza. Nkamwambia Jumatano ya juzi nlipandisha dema lako kwa kukosea na nkalifungua mlango, kisha nkalirudisha.

Hakuinua kichwa. Akaniambia, "Nilijua limefunguliwa. Fundo halikuwa langu." Kisha akasema samaki wote wamo, kwa hio siku zote hizi yeye na wenzake wamekuwa wakijiuliza ni nani huyo. Akachukua kipande cha kamba akafunga fundo lake mbele yangu, pole pole, akanipa nami nikafunga langu.